Kufunga Hesabu za Mwaka kwa Daftari la Besiboli

Desemba mjini Chicago ni mwezi usio na besiboli. World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, huwa imeshamalizika tangu mwisho wa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba, na mashabiki hubaki na uvumi wa mikataba na uhamisho wa wachezaji hadi Februari, kambi za mazoezi zinapofunguliwa Arizona na Florida. Katika pengo hilo mimi hufunga hesabu za mwaka: hupitia nilichoandika kwenye blogu, hukagua programu inayoibeba, na hujiuliza mwaka umeniendeaje. Ushauri ninaoutoa hapa niliupata zaidi kwenye viti vya juu vya Wrigley Field, uwanja wa timu ya Cubs ya Chicago, kuliko kwenye vitabu vya kupanga maisha.

Huko juu nilizoea kukaa karibu na mzee mmoja mstaafu ambaye hakushughulika na simu. Alikuja na kadi ya alama na penseli, akaandika kila tukio kabla la pili halijafika. Kila mlinzi uwanjani ana namba ya nafasi yake, mbali na ile ya jezi: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, na kuendelea hadi 9. Mzee akiandika 6-4-3, maana yake namba 6 ameuokota mpira, akamrushia namba 4 kwenye kituo cha pili, naye akamrushia namba 3 kwenye kituo cha kwanza, na wapinzani wawili wametolewa kwa pigo moja. Mpigaji aliyetolewa kwa kushindwa na mipira mitatu huandikiwa K, alama inayohusishwa na Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti wa karne ya 19 aliyezaliwa Uingereza na kuiletea besiboli mfumo wake wa takwimu. Lakini ikiwa mpigaji alisimama tu, gongo likiwa begani, akautazama mpira wa tatu ukipita, mzee aliigeuza ile K ikaangalia nyuma. Matokeo ni yale yale, ila daftari halikubali kumchanganya aliyejaribu akakosa na yule ambaye hakulizungusha hata gongo.

Jambo la kwanza ninalomshauri anayetaka kuutathmini mwaka wake ni kuandika mambo wakati yanapotokea, kwa sababu kumbukumbu ya Desemba ina upendeleo mkubwa kwa Novemba. Besiboli inalijua hilo, ndiyo maana timu hucheza mechi 162 kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kusema nani ni nani. Cubs wa mwaka 2016, waliotwaa ubingwa uliokuwa umewakwepa tangu 1908, walipoteza mechi 58 katika msimu wa kawaida. Aliyewatazama katika wiki zao mbaya angeapa kwamba timu haina kitu. Miaka minne tu kabla ya hapo timu hiyo hiyo ilikuwa imepoteza mechi 101. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi huhesabiwa miongoni mwa walio bora, na mshahara wake hulingana na sifa hiyo. Kwa hiyo mwisho wa kila mwezi mimi huandika mistari michache katika safu tatu, kama zilivyo kwenye muhtasari wa mechi magazetini: mikimbio, mapigo na makosa. Kwangu mikimbio ni makala zilizochapishwa, mapigo ni rasimu zilizofika mahali pazuri, na makosa ni masahihisho waliyonitumia wasomaji. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kuliko zote, na nawashangaa wanaoandika tathmini ya mwaka bila kuiweka.

Sasa nije kwenye programu, maana Desemba ndio mwezi ambao wanablogu hushikwa na hamu ya kuhama. Likizo ipo, baridi imetufungia ndani, na kubadilisha mwonekano wa tovuti huleta hisia ya kazi bila kuandika hata aya moja. Sisemi usihame, wakati mwingine hakuna budi. Mwaka 2004 Movable Type, programu ya kublogu iliyokuwa imependwa sana na waandishi wa mtandaoni, ilibadilisha masharti ya leseni katika toleo lake la 3.0, na wengi wakahamia WordPress, programu huria iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Typepad, huduma nyingine ya kublogu, nayo ilifungwa Septemba 30, 2025, na walioweka humo maandishi ya miaka mingi walipewa muda mfupi wa kuyaondoa. Hatari yenyewe ni maandishi yako kuwa mahali pamoja tu, chini ya ufunguo wa mtu mwingine, wala haijalishi sana programu hiyo inaitwaje.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria rangi na vichwa vya kurasa, toa nakala rudufu. Anayetumia WordPress hukuta kwenye menyu ya zana njia ya kupakua faili la XML lenye makala, kurasa na maoni ya wasomaji. Angalia hapo kwa makini: faili hilo hubeba anwani za picha, lakini halibebi picha zenyewe, na atakayefuta tovuti ya zamani akidhani kila kitu kimo ndani yake atabaki na maneno yanayozungukwa na miraba mitupu. Folda ya picha inakiliwa peke yake. Mimi pia huhifadhi kila makala kama maandishi ya kawaida, yenye alama chache za Markdown (alama nyepesi za kupanga maandishi), kwa kuwa faili la namna hiyo hufunguka katika kompyuta yoyote, kama kadi ya penseli inavyosomeka na yeyote anayezijua zile namba tisa. Na jina la kikoa lilipie wewe mwenyewe, kwa akaunti yako, ili siku ya kuhama wasomaji wakukute kwenye anwani ile ile.

Kazi ya mwisho ni folda ya rasimu, ambayo ndiyo inayonichukua muda mrefu. Hapo naitumia K ya yule mzee bila huruma: rasimu niliyoihangaikia ikanishinda napata nayo la kujifunza, na aghalabu aya moja yake huokolewa ikaingia katika makala nyingine; lakini mada niliyoiandikia kichwa tu kisha nikaitazama ikipita mwaka mzima inapata K iliyogeuzwa, na hiyo lazima ipangiwe tarehe au ifutwe. Nyingi za mwaka huu nimezifuta. Iliyobaki ni ile ya vijana wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Uganda kufuzu kisha wakanyimwa viza za Marekani. Nimeipangia wiki ya pili ya Januari.