Maswali na majibu: sentimita za setilaiti katikati ya maghorofa

Naendesha teksi ya mtandaoni Dar es Salaam. Nikiingia Kariakoo, kitone changu kwenye ramani kinahamia mtaa wa pili, abiria wanadhani nimewapita. Simu yangu ni nzima. Tatizo nini?

Tatizo ni maghorofa, ndugu yangu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na simu inajua umbali wake kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kufika. Katika mtaa mwembamba, setilaiti iliyojificha nyuma ya jengo bado inasikika, kwa sababu mawimbi yake yanagonga vioo vya jengo la ng'ambo na kukurudia. Njia imerefuka kwa mita kadhaa, pengine makumi ya mita, na simu inauchukua umbali huo kama ulivyo. Angalia utaona kitone hukosea zaidi kulia na kushoto kuliko mbele na nyuma: setilaiti zinazoonekana wazi ni zile zilizo upande mtaa unakoelekea. Ukiweza, elewana na abiria akusubiri kwenye kona pana au mbele ya jengo linalojulikana.

Shikamoo mwalimu. Nilipima kona ya kiwanja Upanga kwa RTK, upimaji wa setilaiti unaosahihishwa papo kwa papo. Mashine ikaonyesha fiksi, yaani imepata jibu la uhakika, sentimita 2. Mchana nikarudi, kona ileile imesogea sentimita 40. Niamini kipimo kipi?

Marahaba. Usiamini hata kimoja, bado.

Bezi yako, ile risiva isiyohama, imesimama juu ya alama inayojulikana na inatuma masahihisho kwa rova, ile unayotembea nayo, kupitia redio au intaneti, papo kwa papo. Rova nayo inahesabu mawimbi yenyewe. Wimbi la GPS la L1, mojawapo ya masafa ambayo setilaiti hurusha, lina urefu wa sentimita 19, na rova ikijua kuna mawimbi mangapi kamili kati yake na setilaiti, inakupa sentimita. Ila idadi hiyo haisomeki popote. Rova inajaribu idadi nyingi na kuchagua ile inayokubaliana zaidi na vipimo. Sasa mawimbi yaliyogonga ukuta yakichanganyika na yaliyokuja moja kwa moja, kipimo kinapotoka kwa hadi robo ya wimbi, karibu sentimita 5. Hapo idadi yenye makosa inaweza kuonekana bora kuliko ya kweli, na mashine inatangaza fiksi. Zile sentimita 2 kwenye skrini ni makadirio yanayochukulia kwamba idadi ni sahihi. Ikiwa si sahihi, skrini itaendelea kuonyesha 2.

Mimi nikiwa mjini hugusa kwanza alama ninayoijua, kabla ya kazi na baada yake. Kwenye kona napima, naifuta fiksi makusudi, naiacha rova itafute upya, napima tena. Kisha narudi baada ya saa moja au zaidi, setilaiti zikiwa zimehama, maana makosa ya ukuta hubadilika setilaiti zinapobadilika mahali. Vipimo vikikubaliana ndani ya sentimita 2 au 3, naandika. Fiksi inayochukua dakika nyingi kupatikana naitilia shaka hata kama namba zake zinapendeza.

Na kama kona iko chini ya ukuta wa vioo, acha kuilazimisha RTK. Weka alama mbili mahali peupe, zihakiki, kisha ingia kwenye kona kwa totali stesheni, kifaa kinachopima pembe na umbali bila setilaiti. Mteja atalalamikia muda. Mweleze kwamba sentimita 40 Upanga ni ugomvi na jirani utakaofika baraza la ardhi.

Kampuni yetu hapa Nairobi inataka kununua risiva inayopokea GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China pamoja. Ina maana, au ni gharama tu?

Ina maana, tena mjini kuliko shambani. Maghorofa yakikukata zaidi ya nusu ya anga, GPS peke yake inaweza kukuachia setilaiti 3 au 4, na RTK inahitaji angalau 5. Mifumo minne inakurudishia hesabu. Wajapani wamekwenda mbali zaidi: mfumo wao wa QZSS, ulioanza huduma kwa setilaiti 4 mwaka 2018, umepangwa ili daima moja iwe karibu na utosi wa Japani, juu ya majengo ya Tokyo. Hata hivyo, setilaiti nyingi huleta pia mawimbi mengi ya ukutani, kwa hiyo ukaguzi niliomweleza kijana wa Upanga unabaki palepale.

Simu zinazopokea masafa mawili ya setilaiti zinaweza kuweka bikoni, alama za mpaka wa kiwanja?

Hapana. Zimeanza kuuzwa mwaka 2018 na Xiaomi Mi 8, na masafa yao ya pili, L5, kweli yanasaidia kutenganisha wimbi la moja kwa moja na lililogonga ukuta. Ila antena ya simu ni ndogo mno na haiwezi kuyakataa mawimbi ya ukutani kama antena ya upimaji.

Mombasa, mbona fiksi inapotea jioni hata nikiwa uwanja wazi?

Hilo ni anga la juu, ionosfera. Karibu na ikweta huchafuka baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba, na zaidi miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Fanya kazi asubuhi, na bezi iwe karibu. Kilomita 20 ni mbali kwa hali hiyo.

Nimepima vizuri, lakini kwenye ramani ya zamani ya mji kila kitu kimehama karibu mita 300. Maghorofa?

Maghorofa hayahusiki. Ramani yako iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo wa Afrika Mashariki, risiva yako iko kwenye WGS84, mfumo wa GPS. Badilisha mfumo kwenye kontrola, ile kompyuta ndogo ya mkononi inayoongoza risiva, kabla ya kugusa kitu kingine, kisha hakiki kwa bikoni moja ya zamani ambayo bado imesimama.