Anatoka jela kwa kosa la kunajisi: yapangeni kabla hajafika

Dada mmoja kutoka magharibi mwa Kenya ametuandikia wiki hii. Kaka yake anamaliza kifungo cha kunajisi mtoto wa jirani. Mama yao ameshamwandalia chumba, na katika boma hilohilo wanalala wajukuu wanne. Mama anasema mwanawe ameokoka akiwa ndani, kwa hiyo yamekwisha. Dada anataka kujua kama yamekwisha kweli.

Hayajakwisha, dada, na tunasema hivyo bila kumvunjia mama heshima wala kuudharau wokovu wa mwanawe. Mwaka 1998 watafiti wa Kanada, Karl Hanson na Monique Bussière, walikusanya tafiti 61 kuhusu watu waliofanya makosa ya ngono, ili waone ni nini kinachoonyesha nani atarudia. Kukana kosa hakukuonyesha lolote. Kukosa huruma kwa aliyetendewa nako hakukuonyesha. Maana yake ni kwamba anayelia na kukiri mbele ya kanisa zima hajathibitisha usalama wake kwa machozi hayo.

Katika tafiti hizo, kwa wastani wa miaka 4 hadi 5, kama 13 kati ya kila 100 walijulikana kuwa wamerudia kosa la ngono. Kazi ya baadaye ya Hanson na Andrew Harris iliyofuatilia muda mrefu zaidi ilipata asilimia 14 baada ya miaka 5, 20 baada ya miaka 10, na 24 baada ya miaka 15. Kwa hiyo wengi hawakamatwi tena, tofauti na inavyosemwa sokoni. Lakini hao ni waliojulikana tu, na watoto wengi hawasemi. Hakuna nyanya wa kulaza wajukuu juu ya asilimia.

Anzeni na hukumu. Ombeni nakala mahakamani, muisome wenyewe, msitegemee simulizi ya familia. Tafuteni majibu ya maswali haya: amewahi kuhukumiwa kwa kosa la ngono kabla ya hili? Aliyetendewa alikuwa ndugu, mtu anayemfahamu, au asiyemjua kabisa? Alikuwa mvulana? Kulikuwa na kupiga au kutishia? Amewahi kuishi na mke au mpenzi kwa miaka 2 mfululizo? Sasa ana umri gani? Maswali hayo ni sehemu ya Static-99, kipimo cha kukadiria hatari ya kurudia kosa la ngono, chenye vipengele 10, kinachotumika Kanada, Marekani na kwingineko. Kipengele chenye uzito mkubwa kuliko vyote ni hukumu za ngono za nyuma. Umri nao hupunguza hatari, hasa baada ya miaka 60. Msijipe kazi ya kumpa alama, hiyo ina wataalamu wake. Ninyi mnatafuta kujua mlinde nini.

Sasa nyumba. Tungekuwa na sauti, kaka huyu asingelala kwenye boma lenye watoto, angalau mwanzoni. Chumba cha kupanga sokoni, kodi ichangwe na ndugu, ni nafuu kuliko yanayoweza kufuata. Kama hakuna njia nyingine, watoto walale nyumba tofauti na yake, mlango ufungwe kwa ndani, na mtu mzima alale humo. Asibaki peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda kuteka maji. Asiwaogeshe, asiwapeleke shule kwa boda, asiwasaidie masomo mlango ukiwa umefungwa, asiwape pipi wala simu. Atajwe mtu mzima mmoja anayesimamia haya kila siku, na asiwe mama, kwa sababu mama ndiye aliyemlilia miaka yote hiyo na ndiye atakayesema "mwacheni mtoto wangu apumue."

Mipango hii huvunjika siku za shughuli. Kwenye matanga au harusi watoto hulazwa safu moja sebuleni, watu wazima wako nje jikoni na kwenye maturubai, na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Siku hiyo pangeni zamu kwa majina.

Angalieni pia anakokwenda kutafuta mapenzi. Jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 2007 lilichunguza kesi 224 za watu waliorudi jela kwa kosa jipya la ngono, ili kujua kama sheria ya kuwakataza kuishi karibu na shule ingesaidia. Haikuonekana hata kesi moja ambayo ingezuilika hivyo. Waliowadhuru watoto mara nyingi waliwafikia kupitia mtu mzima, kwa mfano mwanamke waliyeanza uhusiano naye. Akipata mchumba mwenye watoto, mwanamke huyo lazima aambiwe ukweli wote, mapema, na ndugu wa mwanaume. Kumficha ili kaka apate mke ni kuwatoa kafara watoto wa mwenzenu.

Kuna dalili saba ambazo maafisa wa Kanada wanaowasimamia waliotoka jela hufuatilia kwa ukaribu kwa sababu hubadilika haraka: kutafuta nafasi ya kuwa na watoto, hasira na chuki, mawazo ya ngono yasiyomtoka, kukataa kusimamiwa, kuvunjika moyo ghafla, kupotewa na watu wake wa karibu, na ulevi. Mkiona mbili zimekuja pamoja, tuseme amerudia chang'aa na hapokei simu zenu, msisubiri Jumapili.

Basi, je, afukuzwe? Hapana, na hapa tunajua wengi watatukasirikia. Anayelala stendi bila kazi wala ndugu hana anayemwona, na baadhi ya dalili hizo saba anaweza kuzipata mapema. Mwaka 1994 mjini Hamilton, Kanada, mchungaji wa Kanisa la Mennonite na waumini wachache walimzunguka kwa msaada na uangalizi mwanaume aliyemaliza kifungo chote cha kosa la ngono kwa watoto, huku wakazi wakimpinga. Ikawa mfumo: watu wa kujitolea 4 hadi 6, mkataba wa maandishi, mtu mmoja kumwona au kumpigia kila siku mwanzoni, kikao kila wiki, kwa mwaka mzima au zaidi. Minnesota waliupima kwa kuwagawa waliotoka jela kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kundi na wengine hapana. Ripoti ya 2018 ilionyesha hatari ya kukamatwa tena kwa kosa la ngono ilipungua kwa asilimia 88.

Mnaweza kuunda kundi kama hilo, lakini kwa masharti. Wawemo watu wasio ndugu na wanawake wasiomwogopa. Wamuulize wazi: jana ulikuwa wapi, na nani? Na asiahidiwe siri: atakayesikia mtoto yuko hatarini anaripoti siku hiyohiyo. Kundi huharibika pale linapogeuka mawakili wake.

Cheti cha mafunzo ya gerezani kisiwatulize. Uingereza ilipima programu yake kubwa ya gerezani kwa waliofanya makosa ya ngono mwaka 2017, ikakuta asilimia 10 ya walioipitia walirudia kosa la ngono, dhidi ya 8 ya wasioipitia.

Kwa Kenya, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inairuhusu mahakama kuagiza usimamizi wa muda mrefu kwa mhalifu hatari wa ngono, na aliyemkosea mtoto anaweza kutangazwa hivyo. Angalieni kwenye hukumu kama amri hiyo ipo, kisha mwende kwa afisa wa probesheni na kwa chifu kabla hajafika. Sheria hiyo pia inamtaka aliyehukumiwa aseme anapoomba kazi ya kuwa na watoto, hata kama ni madrasa au shule ya Jumapili.

Mtoto akisema jambo, mwaminini na msimhoji mara kumi. Asioge. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali kwanza: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kisha polisi na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Wazee wakija na mbuzi wa kumaliza mambo nyumbani, warudi nao. Hawana mamlaka ya kuifuta kesi hiyo.