Salio la kuprinti chuoni: usilipie muhula mzima kwa siku moja

Baba yangu analima korosho Tandahimba. Msimu ukifunguliwa Oktoba, minada ikapita na malipo yakaingia benki, ndipo mambo yote ya mwaka yanapopangwa nyumbani: madeni, bati, ada. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni hapa Mtwara, Januari alinitumia fungu langu na kuniambia kwenye simu, "Mwanangu, hiyo ndiyo mpaka korosho nyingine." Sikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, na nilijua risachi inanisubiri. Nikaenda moja kwa moja dirisha la mhasibu, nikanunua salio la kuprinti la shilingi 40,000. Maabara ya kompyuta ilikuwa inakata 50 kwa ukurasa mweusi, steshenari za mtaani 100. Niliamini nimeitunza jasho la baba.

Machi, muhula wa pili ulipoanza, nikaingiza namba yangu kwenye kompyuta nikakuta sifuri. Nilikuwa nimebakiza 27,350. Mhasibu akanielekeza maabara, maabara wakanirudisha kwa mhasibu. Jibu la mwisho likawa kwamba salio hufa na muhula, na tangazo lilibandikwa mlangoni. Kweli lilikuwepo, limefunikwa na ratiba ya mitihani. Kwa bei ile, nilipoteza kurasa 547. Mpaka leo naona si haki. Huduma ambayo haijatolewa haiwezi kuwa imelipiwa ikaisha, na mtoto wa mkulima hana mahali pengine pa kuchota fedha mwezi Machi.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza chuo, kabla hujatoa hata shilingi uliza kwanza: salio hili linaisha lini, na likibaki linarudishwa? Muulize mhasibu mwenyewe, usiridhike na jibu la mwanafunzi mwenzako. Kisha nunua la kazi iliyo mkononi tu. Fedha ya msimu iache kwenye simu au benki, hata kama utapanga foleni dirishani mara kumi.

Kitu unachoweza kununua mapema bila hofu ni karatasi. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500 na haifutwi na muhula. Mimi nilinunua kwa 12,000, yaani shilingi 24 kila karatasi, na dada wa steshenari ya Chuno alikubali kuniprintia kwa 60 badala ya 100 nikija na karatasi zangu. Ukijumlisha, nikawa nalipa 84. Ila huku kwetu pwani hewa ina unyevu, na karatasi ikinyonya unyevu hujikunja na kukwama kwenye mashine. Usiichane rimu yote. Toa unazohitaji, zilizobaki zirudishe kwenye karatasi yake ya kufungia, kisha weka ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya meza, mbali na sakafu.

Sasa nije kwenye hesabu ya mashine, maana hapo ndipo nilipoumia mara ya pili. Juni niliprinti nakala ya kwanza ya risachi maabara, kurasa 72. Nilitarajia kukatwa 3,600, nikakatwa 8,350. Kumbe kurasa 19 zilihesabiwa za rangi, kila moja 300. Nilizikagua zote na sikuona picha wala mchoro wa rangi. Nilichokuta ni anwani za tovuti kwenye marejeo na tanbihi, ambazo programu ya kuandikia huzigeuza kuwa za bluu zenye mstari chini. Mashine ile haikujali kama rangi ni neno moja au ukurasa mzima. Basi kabla ya kubonyeza, chagua nyeusi na nyeupe kwenye mipangilio ya printa. Kama jalada lina nembo ya chuo yenye rangi, liprinti peke yake.

Jambo jingine linalokula fedha ni haraka. Umebonyeza, mashine kimya, unabonyeza tena. Mara nyingi kazi ya kwanza haijapotea; iko kwenye foleni inangoja karatasi. Msimamizi wa maabara akijaza trei zinatoka zote mbili na unakatwa zote mbili. Fungua orodha ya foleni, na ukiona kazi yako imejirudia futa moja. Wakati mwingine mashine husimama kwa sababu waraka wako umetengenezwa kwa ukubwa wa Letter, karatasi ya Marekani, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Karatasi yetu ya A4 ni 210 kwa 297, kwa hiyo mashine inaomba karatasi ambayo haimo ndani. Badilisha ukubwa kwenye waraka, kisha hifadhi kama PDF, ili kurasa zisihame unapofungulia kwenye kompyuta nyingine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usiondoke na kurasa zilizotoka ukiamini utakumbuka umekatwa kiasi gani. Mimi nilianza kuandika salio kwenye daftari kabla na baada ya kila kazi. Karatasi zilizoharibika nilizipeleka kwa msimamizi siku ileile, pamoja na daftari. Mara mbili nilirudishiwa. Nilipokwenda kesho yake, sikurudishiwa.

Slaidi za mhadhara zisikusumbue sana: weka sita kwa ukurasa, na ondoa mandhari nyeusi. Ujazo wa tona, yaani wino wa unga wa mashine, hupimwa kwa ukurasa ambao wino unafunika kama asilimia 5 tu, kwa hiyo slaidi nyeusi tii inakula wino wa kurasa nyingi, na mwenye steshenari ana haki ya kukudai zaidi. Uliza pia kama kuprinti pande mbili kunahesabiwa karatasi moja au kurasa mbili.

Kuhusu rasimu, muulize msimamizi wako wa risachi kama anakubali kusoma kwenye kompyuta. Wangu alikubali sura tatu za mwanzo, na nikabaki na fedha ya nakala nne za mwisho. Hizo nilizipeleka Chuno na rimu yangu. Kubaindi kwa kava ngumu kulichukua siku tatu, kwa hiyo nilihesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ya kukabidhi: siku tatu za kava, siku moja ya kukagua kila ukurasa wa kila nakala, na siku moja niliyoitenga kwa ajili ya umeme. Umeme ulikatika kweli, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.