Maswali na majibu: Mwanaanga aliyegeuka mtunzi

Wiki iliyopita niligusia riwaya za Chris Hadfield, Mkanada aliyestaafu uanaanga akashika kalamu. Barua zimemiminika. Nachukua tano.

Huyu Hadfield ni nani, na alianza kutunga lini? (Dodoma)

Ni rubani wa ndege za kivita aliyechaguliwa kuwa mwanaanga mwaka 1992. Alipaa mara tatu: 1995, 2001, na Desemba 2012 hadi Mei 2013, safari iliyomfanya Mkanada wa kwanza kuongoza Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ndiye yule mwenye masharubu aliyepiga gitaa huko juu. Riwaya yake ya kwanza, The Apollo Murders, ilitoka 2021 akiwa na miaka 62. Kwa hiyo wewe wa Iringa uliyeniandikia kwamba kwa miaka 45 umeshachelewa kuanza kutunga, kaa chini uandike.

Hadithi yenyewe ni ya 1973. Sayansi ya kubuni si huwa ya siku zijazo? (Nakuru)

Si lazima. Apollo 17 ya Desemba 1972 ndiyo iliyopeleka watu Mwezini kwa mara ya mwisho katika mpango ule wa Wamarekani. Apollo 18 ilifutwa kabla hata ya hapo. Hadfield anairusha ile iliyofutwa, kisha anauliza: ingekuwaje? Utakachodhani ni chumvi ya mtunzi, yaani kituo cha Wasovieti chenye mzinga, ni kweli tupu. Salyut 3, iliyorushwa 1974, ilibeba mzinga.

Kwani lazima ufike angani ndipo uandike vizuri? Mbona wengi hawajafika? (Arusha)

Lazima si lazima. Ila sikiliza kisa hiki. Mwaka 2001 Hadfield alikuwa nje ya chombo akifunga mkono wa mashine kwenye kituo. Jicho la kushoto likaanza kuwasha vibaya mno. Hapa kwetu ungefumba, chozi likateremka, likaondoka na uchafu. Kule chozi haliteremki, maana hakuna chini. Likajikusanya tonge juu ya jicho, likakua, likavuka mwamba wa pua na kuingia jicho la kulia. Sasa ni kipofu wa macho yote mawili, na kujipangusa hawezi kwa sababu ya kofia. Waongozaji wa safari kule Houston, Marekani, wakahofia kemikali ya kusafisha hewa imevuja, wakamwambia afungue valvu amwage hewa ya suti yake. Akamwaga! Kumbe ni ile dawa ya kuzuia ukungu kwenye kioo cha kofia. Machozi yalipoizimua akaona tena, akaendelea na kazi.

Mimi ningebuni vimondo na milipuko. Chozi linalovuka pua nisingeliwaza hata nikeshe mwezi mzima. Na sidhani ni bahati tu kwamba shujaa wa riwaya yake, Kaz, ni rubani aliyepoteza jicho baada ya ndege yake kugongwa na ndege, huyu wa mabawa na manyoya.

Hawa wanaanga wanaandika wenyewe au wanaandikiwa? (Mombasa)

Hutofautiana. Buzz Aldrin wa Apollo 11 alitoa Encounter with Tiber mwaka 1996 pamoja na mtunzi John Barnes, na majina yote mawili yako kwenye jalada. Sioni aibu hapo. Jalada la Hadfield lina jina lake peke yake.

Babu yangu alifanya kazi San Marco. Visa vyake vinafaa riwaya? (Malindi)

Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Kwa wasiojua: Waitaliano walirusha roketi kutoka San Marco, jukwaa lililosimama baharini hapo Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru. Tarehe hizo ziko vitabuni, usimsumbue nazo. Muulize walivukaje kwenda jukwaani bahari ilipochafuka, walikula nini, nani aliogopa mlio. Rekodi kwa simu, na mwache apotoke njia anavyotaka. Ukishapata saa tatu za sauti, niandikie tena.