Kiti cha Kinyozi: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mzee wa Kiti, shikamoo. Nina miaka 39, na kwa miaka 14 nimekaa ofisini nikiingiza takwimu kwenye kompyuta. Nilipokuwa shule ya bweni nilikuwa nawanyoa wenzangu kwa kitana na wembe, na hadi leo wanangu wawili nawanyoa mwenyewe. Nataka kuacha kazi mwisho wa mwezi huu niwe kinyozi. Mashine mbili nimeshanunua. Mke wangu hakatai, ila ameniuliza jambo nikakosa la kusema: "Hao watakaokuja kunyolewa ni akina nani?" Je, nimechelewa? Nianzie wapi?
Mkono Mzito

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Shemeji ameuliza swali zuri kuliko lako, kwa hiyo nitaanza na lake.

Lako la umri ni jepesi. Mimi niliaga kazi ya ukarani wa stoo nikiwa na miaka 43. Siku za mwanzo mvi ndizo zilizonibeba, maana watu wakiingia na kuniona walidhani nimezeekea kwenye kiti kile. Walijua ukweli walipojitazama kwenye kioo.

Sasa tuje kwa shemeji. Wanao si wateja. Hawana pa kukimbilia. Wale wa bweni nao walikuwa hawalipi, na asiyelipa halalamiki. Mteja ni yule aliyekulipa, akaondoka, akapita milango ya vinyozi wengine, kisha akarudi kwako. Hapo hesabu ya stoo ilinisaidia. Nywele huota kama theluthi moja ya milimita kwa siku, wengine chini kidogo ya hapo. Kitana cha namba 1, kile kinachovishwa kwenye mdomo wa mashine, huacha nywele za milimita 3, cha namba 2 huacha 6. Kwa hiyo fedi, ule mtindo wa nywele fupi chini zinazorefuka taratibu kuelekea juu, uliyoihangaikia nusu saa huanza kufifia ndani ya siku tisa au kumi, na mtu anayejipenda hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Mara ya kwanza amekuja kwa sababu kiti kilikuwa wazi. Ya pili huenda ana haraka. Ya tatu amekufuata wewe. Mara tatu hizo zinakula wiki nne hadi sita, nawe unataka kuacha kazi mwisho wa mwezi!

Usiache. Tafuta saluni yenye kazi nyingi, mwombe mwenyewe akupokee jioni na siku za mapumziko, hata kama ni kufagia nywele na kukung'uta vitambaa. Kaa na daftari. Andika kila kichwa ulichonyoa, na kikirudi weka alama. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi siku nilipofikisha vichwa 31 vyenye alama mbili mbele. Sisemi 31 ni namba takatifu. Ilitosha kodi ya nyumba yangu, wewe piga hesabu ya yako.

Sasa huo mkono unaouita mzito. Kunyoa kipara hakukufundishi fedi. Kwenye fedi mashine haipandi kichwani moja kwa moja: ukikaribia mpaka, kiwiko kinatulia na kiganja kinajitoa nje, kama unayechota kwa kijiko. Usipojitoa, utaacha mstari, na mstari huo utaufukuza juu hadi mteja abaki na kijisahani utosini. Halafu jifunze kusoma kichwa kwa vidole kabla ya kuwasha kitu chochote. Nyuma kuna mfupa uliochomoza, na chini yake kibonde. Kwenye kibonde nywele huonekana nyeusi zaidi hata zikiwa na urefu uleule. Mwanafunzi huona weusi, akapunguza, akapunguza tena, mwisho akatoboa. Nimeona hilo mara nyingi kuliko nilivyoona masikio yaliyokatwa.

Na hakikisha kitana kimebana. Cha kwangu kiliwahi kuchomoka nikiwa katikati ya kichwa cha mdogo wangu wa mwisho, mashine ikafungua njia nyeupe kutoka paji la uso hadi utosi. Hakunisemesha. Alinyoosha kidole tu kuonyesha nimalizie zote.

Wembe ufanyie mazoezi kwenye puto. Lijaze hewa, lipake povu, unyoe povu lote bila kulipasua. Likipasuka, ama umekandamiza ama umesimamisha wembe. Ngozi ya mtu huvutwa kwa mkono wa pili. Mkono huo wengi wanausahau, unabaki ukining'inia. Mwenye ndevu za kujikunja na vipele shingoni usimnyoe karibu sana hata akikubembeleza. Unywele uliokatwa chini ya ngozi hujikunja ukaingia tena ndani, na wiki ijayo vipele vimeongezeka na lawama ni yako. Mwachie milimita moja.

Usafi sitaupitia haraka, kwa sababu hapa ndipo wanaotoka ofisini hujidanganya kwamba ni suala la harufu nzuri. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, hata damu ikiwa imekauka na huioni. Wembe ni mmoja kwa mtu mmoja, unautoa kwenye karatasi yake yeye akiona. Mapunye nayo husafiri kwa mashine, vitana na brashi. Brashi itoe nywele kwanza, ndipo spiriti ifuate. Ukipaka spiriti juu ya uchafu umeupaka uchafu manukato. Nunua ya asilimia 70. Ile kali ya asilimia 95 inaonekana shujaa, lakini maji yaliyomo kwenye ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya kwenye kijidudu. Iache ikauke yenyewe, usiifute. Na zima mashine kabla ya kupulizia, kitu kile kinashika moto. Wewe mwenyewe kachanje chanjo ya homa ya ini kabla hujagusa kichwa cha mgeni.

Miguu itauma, hasa ya mtu aliyekaa miaka 14. Pandisha kiti, usijikunje wewe.

Mapato: kuna wanaolipwa mshahara, wanaogawana na mwenye saluni kwa asilimia, na wanaopanga kiti kwa kodi. Anza na kugawana. Kodi ya kiti hudaiwa hata siku ambayo umeshinda ukijitazama kwenye kioo. Baadhi ya nchi zinadai cheti au leseni, basi ulizia kwako kabla ya kununua mashine ya tatu. Maana najua unaifikiria.

SWALI: Mimi ni mshonaji ninayehamia kunyoa, na natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wangu anasema nijilazimishe kutumia wa kulia. Ni kweli?
Dada wa Cherehani

JIBU: Hapana, dada yangu. Mashine haijui mkono gani umeishika. Tabu iko kwenye mkasi: wa mkono wa kulia ukiushika kwa kushoto, kidole gumba husukuma makali yaachane badala ya kubanana, na unywele unajikunja katikati bila kukatika. Bila shaka umeshaliona hilo kwenye kitambaa. Nunua wa kushoto, kisha omba kiti cha mwisho kule ukutani, ili kiwiko chako kisigongane na cha jirani.