Inzi wa kulindwa na sheria? Maswali yenu wiki hii

SWALI: Mambo vipi kaka, mimi nafuga ng'ombe wa maziwa huku Kibamba. Shemeji yangu wa Unguja kila tukikaa anasimulia walivyomaliza mbung'o kisiwani kwao, sasa juzi nasikia Marekani wana visiwa wanalinda inzi kwa sheria, yaani inzi jamani! Hela za kuchezea au kuna kitu sijaelewa? (Mfugaji, Kibamba)

JIBU: Poa mkuu. Shemeji hajakudanganya, madume ya mbung'o yalifugwa Tanga yakapigwa mionzi yasizalishe, kisha ndege ikawa inayamwaga Unguja, zaidi ya milioni 8, majike wakapandwa na wasipate kitu, 1996 akanaswa wa mwisho na 1997 kisiwa kikatangazwa safi. Mimi sikulia na wewe usilie, yule analeta nagana, ugonjwa unaomaliza ng'ombe, na ndugu zake wa aina ileile bado wapo pwani ya bara.

Huyo inzi wa Hawaii, visiwa vyenyewe vya Marekani ulivyovisikia, ni habari nyingine. Hang'ati mtu, hagusi ng'ombe, wala hutamkuta kwenye pilau ya shughuli. Yuko msituni tu na mabawa yake ya madoadoa, na aina zao ni mamia, karibu zote hazipo popote pengine duniani, kwa hiyo ukimmaliza pale umemmaliza kabisa, hakuna bara la kwenda kumchukua mwingine. 2006 serikali ya Marekani iliingiza aina 12 kwa mpigo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mmoja anaitwa Drosophila heteroneura, yuko kisiwa kikubwa cha Hawaii peke yake, dume lake lina kichwa kipana kama nyundo, macho huku na huku, na wakigombania eneo la kupata majike wanasukumana vichwa kwa vichwa hadi mmoja aondoke. Nikikwambia nimeangalia hizo video mpaka bando likakata utanicheka.

Sasa shida yake iko kwenye mti. Jike hatagi popote, anatafuta hasa miti ya jamii ya Clermontia iliyoanza kuoza, funza wanakulia humo kwenye magome. Visiwa vile havikuwahi kuwa na nguruwe, mbuzi wala ng'ombe mpaka watu walipowaleta, mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha wa asili ni popo tu, kwa hiyo miti yake haikuzoea kutafunwa. Nguruwe pori wanaangusha na kula miche, panya wanamaliza matunda, magugu ya kigeni yanaziba nafasi iliyobaki. Mti ukikosa watoto inzi naye kwisha, hata kama hakuna aliyempiga dawa. Halafu juu ya hapo kuna nyigu wa kigeni wanaokamata wakubwa na sisimizi, nao wa kuja, wanaokula funza.

Hela zenyewe basi zinaenda kwenye uzio, kuzuia nguruwe wasiingie msituni, na kupanda miti upya. Uzio huohuo unaokoa mimea na ndege kibao, kwa hiyo mimi naona ni matumizi mazuri kuliko mengi tunayoyaona. Wewe mfugaji unajua mbuzi akiachiwa shamba la mwenzio inakuwaje.

SWALI: Dada wa Buguruni hapa, nauza matunda. Hivi vinzi vidogo vinavyozunguka papai langu ni ndugu wa hao wa Hawaii? Na vyenyewe ni vya kulinda? (Mama Papai)

JIBU: Shikamoo dada. Ndugu wa mbali ndiyo, jenasi moja, tena asili yao ni hukuhuku Afrika ila wamesambaa na matunda dunia nzima, wanazaliana siku kumi hivi kwa joto letu la Dar. Hao usiwaonee huruma. Funika papai ulilokata, na yaliyooza usiyaache kwenye ndoo chini ya meza.