Keshia wa SACCOS "amezizungusha" fedha za wanachama: kesi itasimama?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya SACCOS yetu ya wafanyabiashara wa soko, huku Mbagala. Tumegundua upungufu wa shilingi 38,400,000. Keshia tuliyemwajiri hakatai, anasema alizizungusha kwenye biashara yake na atarudisha kidogo kidogo. Mwenyekiti ameandaa makubaliano ya kulipa kwa miezi 18, anataka yasainiwe kwenye kikao cha Jumamosi. Baadhi yetu tunataka twende polisi. Kesi itasimama? Na hayo makubaliano yana ubaya gani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na makubaliano, maana Jumamosi haiko mbali.

Karatasi za namna hiyo zimepita nyingi mezani kwangu. Huanza hivi: "Mimi fulani nakiri kudaiwa na chama mkopo wa shilingi kadhaa..." Neno "mkopo" likishaingia hapo, mmempa utetezi bure. Siku mkifika kituoni ataitoa karatasi hiyo, askari ataisoma, na jibu mtakalopewa mnalijua: hii ni kesi ya madai, nendeni mkamdai. Kisheria kulipa hakufuti kosa la jinai. Lakini karatasi inayosema fedha zilitoka kwa ridhaa ya chama inaua wizi wenyewe, kwa sababu aliyepewa hakuiba. Akitaka kurudisha, arudishe benki, kwenye akaunti ya chama, na muhtasari wa kikao useme ni marejesho ya fedha alizochukua bila idhini. Basi.

Hiyo hadithi ya kuzizungusha isiwatishe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ililiona jambo hili mapema. Panapofafanuliwa nia ya wizi, sheria inasema kwamba kwa upande wa fedha inatosha mtu kukusudia kuzitumia apendavyo, hata kama alipanga kuzirudisha baadaye. Kwa hiyo "ningerudisha" inaweza kumpunguzia adhabu, haimwondoi kwenye kosa. Na kwa kuwa mmemwajiri, kosa lake ni wizi wa mtumishi, ambao kifungo chake kinafika miaka 10. Angekuwa mweka hazina wa kuchaguliwa asiye na mshahara, ningetazama wizi wa wakala. Mwambieni mpelelezi mapema yeye ni nani hasa ndani ya chama, na mumpe barua yake ya ajira.

Sasa penye uzito. Ninyi mna upungufu, na upungufu peke yake hauonyeshi aliyeiba. Milioni 38 na ushee ni hesabu ya kutoa tu: vitabu vinasema zingekuwapo hizi, zilizopo ni hizi. Mahakama inataka kujua zilipotelea mkononi mwa nani, tena bila kuacha shaka yoyote ya maana. Pengo linaweza kuletwa na mkopo ulioandikwa mara mbili, au na mtu mwingine mwenye ufunguo wa sefu.

Kwa hiyo teremkeni kwenye muamala mmoja mmoja. Chukua mama lishe mmoja. Tarehe fulani alileta shilingi 200,000. Kitabu chake cha mwanachama kimeandikwa, na stakabadhi ina mwandiko wa keshia. Nakala ya stakabadhi hiyo iliyobaki kitabuni inasomeka 20,000. Kitabu cha fedha taslimu nacho 20,000, na taarifa ya benki inaonyesha zilipelekwa 20,000 hizo hizo. Huyo mama akija kusema "nilimpa yeye, akaniandikia mbele yangu", mnyororo umefungika. Mimi ningependa kupewa miamala 10 ya namna hiyo, hata ikiwa jumla yake milioni tatu tu, kuliko milioni 38 zinazoning'inia kwenye jedwali la mkaguzi. Kama wanachama walikuwa wakituma kwa simu kwenye namba yake binafsi (jambo ambalo vyama vingi hapa Dar vinalifumbia macho), kusanyeni ujumbe wa miamala kwenye simu zao. Taarifa rasmi ya kampuni ya simu ataiomba mpelelezi.

Halafu jiulizeni nani mwingine alishika kalamu. Fedha za benki hazitoki kwa saini ya keshia peke yake. Palipo na mwenyekiti anayeharakisha makubaliano, mimi huuliza kwanza kama hundi alizisaini zikiwa tupu. Simtuhumu wenu. Ila wakili wa utetezi atauliza hivyo hivyo, na ni bora jibu mlijue ninyi kabla yake.

Ukaguzi mnauhitaji. Mwoneni Afisa Ushirika wa Manispaa ya Temeke. Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, ana uwezo wa kuagiza uchunguzi, na COASCO ndilo shirika la umma la kukagua vyama hivi. Lakini ripoti si shahidi. Mkaguzi mwenyewe apande kizimbani, aeleze alichokiona katika kitabu gani, na vitabu vyenyewe vitolewe kama vielelezo. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe mahakamani, mshtakiwa asikie. Niliwahi kukaa upande wa mashtaka kwenye kesi ambayo ripoti nene ilipokelewa, haikusomwa, na kwenye rufaa ikaondolewa kwenye kumbukumbu. Tulibaki na mashahidi wawili waliokumbuka kidogo sana.

Kukiri kwake mbele yenu ni ushahidi pia, mradi alisema kwa hiari. Waliomsikia waandike maelezo yao sasa. Akikirishwa huku vijana wa soko wamemfungia ofisini, kutakataliwa.

Polisi au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa? Popote panafaa. TAKUKURU imekuwa ikiwafikisha mahakamani viongozi wa SACCOS na AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) kwa ubadhirifu, na faida yake ni kwamba wapelelezi wake wamezoea vitabu. Chagueni pamoja, msifungue majalada mawili.

Kuhusu fedha zenu: hukumu ya kifungo hairudishi shilingi. Mkumbusheni mwendesha mashtaka mapema aiombe mahakama amri ya fidia. Tangu 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambayo marejesho yanaweza kuwa sehemu yake. Hayo yanafanywa na waendesha mashtaka na kusajiliwa mahakamani. Ya mwenyekiti wenu ni kitu kingine kabisa.

Jumamosi, basi, ombeni ajenda ya makubaliano iahirishwe na muhtasari useme hivyo. Kabla ya hapo, leo ikiwezekana, vitabu vya stakabadhi vyenye nakala, leja na vishina vya hundi vihesabiwe mbele ya wajumbe watatu, viorodheshwe, vifungiwe. Msisahihishe chochote ndani yake, hata kwa penseli. Na funguo za ofisi alizonazo keshia mzichukue.